Naomba ushauri: nitawaelezaje kina mama wagombea urais wasiojulikana?

BintiLangoni
Assalamu alaykum. Mimi ni wa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Chama chetu cha kina mama hukutana Jumamosi baada ya laasiri, dakani (baraza ya mlangoni) kwa bibi mmoja. Kwa kuwa nimesoma kidogo, kueleza mambo ya siasa huniangukia mimi.

Mwaka 2022 karatasi ya kura ya urais hapa Kenya ilikuwa na majina 4. Ruto na Raila niliwaeleza mpaka koo likakauka. Nilipofika kwa George Wajackoyah, aliyeahidi kuihalalisha bangi, nikasema, "Huyu ni wa bangi," wakacheka, nikapita. David Mwaure nilimtaja jina tu. Bibi mwenye daka, ambaye mwanawe huzamia kamba Kizingitini, akauweka chini ukili aliokuwa akisuka, akaniuliza: "Na bahari, hao wawili wamesemaje?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa manifesto zao. Swali lile linaniuma hadi leo.

Agosti 10, 2027 tunapiga kura tena, na safari hii nataka kuwaeleza wagombea wote. Nianzie wapi? Na nimjibu nini mume wangu, anayesema kumpigia mgombea mdogo ni kuitupa kura?

NahodhaMstaafu
Wa alaykum salaam mwanangu. Mumeo hakukosea. Wavuvi wetu walishinda kesi ya bandari ya Lamu mwaka 2018, mahakama ikaamua fidia ya shilingi bilioni 1.76, na kuifuatilia kumetuchosha miaka. Mambo kama haya yanataka mtu atakayeingia Ikulu. Mwaure alipata kura 31,987 nchi nzima. Atakusukumia nini huyo?

MwalimuMalindi
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima, naomba tupige hesabu. Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Akikosekana, wawili wa juu wanarudi uwanjani ndani ya siku 30. Mwaka 2022 Ruto alitangazwa na kura 7,176,141. Nusu ya kura halali aliipita kwa 69,000 na ushei. Hao wangehamia kwa Wajackoyah au Mwaure, tungerudi kituoni. Kwa hiyo kura ya mgombea mdogo haipotei. Inahesabiwa katika ile nusu, na inaweza kumzuia mkubwa asimalize kazi siku ya kwanza.

Sasa dada, kuhusu kueleza. Wajackoyah hakuwa bangi peke yake. Alisema habari za kufuga nyoka kwa ajili ya sumu, wiki ya kazi ya siku 4, na kunyonga mafisadi. Lakini lililotuhusu sisi wa pwani hasa lilipita bila mtu kulishika: alitaka serikali ya shirikisho yenye majimbo 8. Pwani ilidai majimbo tangu enzi za Ronald Ngala na chama chake cha KADU! Hapo ndipo pa kumsimamisha na kumuuliza: Lamu ingebaki na serikali yake, au ingemezwa na jimbo kubwa lenye makao Mombasa? Na muundo wa ugatuzi haubadilishwi bila kura ya maoni, je, angeipataje? Kicheko kilituzuia kuuliza, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

MamaFaza
Mwalimu kanikumbusha Ekuru Aukot. Mwaka 2017 hakufikisha hata kura 30,000, lakini miaka miwili baadaye chama chake kilileta mswada wa Punguza Mizigo, ukajadiliwa katika mabunge ya kaunti. Ulitaka wabunge na maseneta wapunguzwe kutoka 416 hadi 147, maeneo bunge yaondoke, na kila kaunti itoe mwanamume na mwanamke bungeni. Lamu ingekuwa sawa na Nairobi yenye maeneo bunge 17. Lakini sisi wa Lamu Mashariki tungempoteza mbunge wetu, na visiwa hivi bila mtu wake ni shida. Mswada ulikataliwa. Mimi nilisoma sehemu moja tu, ile inayoigusa Faza, na ilinitosha kujua msimamo wangu.

MwalimuMalindi
Fanya kama Mama Faza. Chukua mambo yenu matatu, bahari, hati za ardhi, bandari, uyatafute katika kila manifesto. Ambaye hakuyataja, waambie kina mama kuwa hakuyataja. Midahalo nayo itazame mwenyewe. Ile ya Julai 2022 Mwaure alisimama jukwaani peke yake, Wajackoyah hakupanda. Alieleza jinsi atakavyopambana na ufisadi na kurudisha mali ya umma iliyofichwa nje. Wangapi tulimsikiliza hadi mwisho?

NahodhaMstaafu
Hesabu nimeikubali, mwalimu. Ushauri bado siukubali, kwani duru ya pili ya urais hatujaiona hata mara moja. Ila mwanangu, waeleze wote. Kumficha mtu jina aliloandikiwa kwenye karatasi si uungwana.

BintiLangoni
Ahsanteni sana, nanyi mzee wangu Mungu akuwekeni. Nitaanza na bahari, nikianzia kwa yule bibi. Jambo moja limebaki: mkiona manifesto yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili, ya mkubwa au mdogo, nitumieni. Sita kati yetu hawasomi Kizungu, na sitaki tena wasikie mambo haya kwa mdomo wangu peke yangu.