Kina cha mwamba kwenye anomali ya mvutano: upana au kilele?

Mpimaji_Ngara: Wakuu, mstari wetu wa gravimita (kifaa cha kupima mvutano wa ardhi) umekatiza peridotiti, mwamba mzito, iliyo ndani ya shisti, mwamba mwepesi zaidi unaoizunguka. Baada ya kuondoa mwelekeo wa kikanda (badiliko pana la mvutano la eneo zima), kilele cha anomali, yaani mvutano wa ziada uliobaki, ni 0.28 mGal (miligali, kipimo cha mvutano), na kinashuka hadi nusu yake ukiwa mita 77 kutoka kileleni. Tofauti ya msongamano kati ya miamba hiyo miwili nimekadiria 0.4 g/cm³. Niandike kina gani? Mwamba huohuo ungekuwa chini mara mbili, ungeonekana?

Kokotozi: Kina kinasomwa kwenye upana. Kwa umbo la tufe, zidisha 77 kwa 1.305: unapata mita 100, na hiyo ni hadi katikati ya mwamba, si juu yake. Mchorongaji anahitaji sehemu ya juu, na hapo ndipo msongamano unapoingia. Kwa 0.4 nusu kipenyo ni mita 63, basi juu ni kama mita 37. Ikiwa peridotiti imegeuka sapentini (madini mepesi zaidi) na tofauti ikabaki 0.2, nusu kipenyo ni 80 na juu ni mita 20 tu! Pima sampuli za miamba kwanza.

Ukishusha katikati hadi mita 200, kilele kinagawanyika kwa nne: 0.07 mGal, bado kinaonekana ukipima kwa makini. Nusu yake inahamia mita 153. Kosa la sentimita 10 kwenye mwinuko wa kituo ni takriban 0.02 mGal baada ya marekebisho ya Bouguer (ya mwinuko na ya mwamba ulio chini ya kituo), kwa hiyo usitegemee GPS ya mkononi. Rudi kituo cha msingi kila baada ya saa moja au mbili, usahihishe kuteleza kwa kifaa. Na urefushe mstari: kwa kina hicho cha mita 200, mita 400 kutoka kileleni bado kuna asilimia 9 ya kilele. Mstari mfupi unafanya ukosee usawa wa kikanda, na anomali pana unaifuta mwenyewe.

Shisti_Kijivu: Naongeza: mstari mmoja hautoshi. Mwamba ukiwa mrefu kama gogo lililolala, kina ni hizo mita 77 zenyewe, na ukishuka mara mbili kilele kinapungua nusu tu. Pima mistari mingine sambamba uone kama anomali inaendelea.

Angalia pia lateriti (udongo mwekundu wa juu uliotokana na miamba kuoza). Shimo la udongo uliooza huleta mabonde membamba kwenye grafu, ambayo hayawezi kutoka kwenye kina cha mita 100.

Kokotozi: Sahihi. Ukishapata gridi, jumlisha anomali mara eneo (mGal kwa m²), zidisha kwa 23.9: ni tani za ziada, bila kujali kina wala umbo. Kwa tufe lako ni karibu tani 424,000. Hizo ni ziada juu ya shisti, usiziandike kama tani za madini.