Re: Mtoto aliandikiwa homoni bila kupimwa damu. Malalamiko yanapelekwa wapi?

Kutoka: Mama Watatu
Jumatatu, saa 5 usiku

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za wiki.

Mwanangu wa pili ana miaka 17. Wengi wenu mlimjua akiwa binti. Mwaka wa tatu huu anaishi kama mvulana, na ya nyumbani kwangu kuhusu hilo tumeshayalia tukayamaliza, sikuja kuyafungua hapa. Nina swali la daktari tu.

Foleni ya NHS, huduma ya afya ya serikali hapa Uingereza, ilipotushinda, alijiandikisha kwenye kliniki moja ya binafsi ya mtandaoni. Akaongea na daktari kwa video kama dakika 25 (nilikuwa jikoni, nilikuwa naangalia saa ya oveni), na wiki iliyofuata jeli ya testosteroni (homoni ya kiume) ikaletwa na posta. Miezi 9 hakuna aliyemwita kupima damu. Hakuna aliyemuuliza kama siku moja angependa kupata mtoto. GP wetu, yaani daktari wa familia, hakuandikiwa hata mstari mmoja.

Mwezi uliopita kichwa kikaanza kumuuma na uso ukawa unamwiva. GP akampima, kumbe chembe nyekundu zimezidi na damu imekuwa nzito. Dozi ikapunguzwa, anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Lakini GP alisema neno moja, taratibu, kama anaiambia kompyuta yake: "Hili lilipaswa kuonekana miezi 6 iliyopita."

Nataka huyo daktari awajibishwe. Naanzia wapi? Polisi? NHS? Nimezunguka kwenye tovuti mpaka macho yameuma.

Kutoka: Mjomba Karani
Jumanne asubuhi

Pole sana binti yangu. Mimi nasema madaktari wa mambo haya wafutwe wote, ripoti ya yule mama Cass imeshamaliza maneno. Andika barua kwa mbunge.

Kutoka: Dada Nesi
Jumanne, baada ya zamu

Mjomba shikamoo. Nakuheshimu, ila hapo umeruka mto bila kuvua viatu. Ripoti ya Hilary Cass, daktari wa watoto aliyeombwa na NHS kuchunguza huduma hizi kwa vijana, ilitoka Aprili 2024, na mimi nimeisoma kwa sababu kazini tulitakiwa kuisoma. Ilisema ushahidi wa dawa za kuzuia balehe na homoni kwa vijana ni dhaifu, na kwamba hata kwa wa miaka 16 homoni zitolewe kwa tahadhari kubwa. Haikusema vijana hawa wafukuzwe. Ilisema wapate huduma ya kiwango kilekile anachopata mtoto mwingine yeyote: achunguzwe mwili na akili, asikilizwe, afuatiliwe. Sasa mtoto wa Mama Watatu alikosa nini? Hicho hicho. Huna haja ya kuamua kama homoni ni nzuri au mbaya ili useme kwamba anayetumia testosteroni hupimwa damu. Hata mzee wa miaka 60 anayeitumia kwa sababu nyingine hupimwa.

Mama Watatu, polisi si mahali pake, na mbunge mwache kwanza. Nitakuandikia kama ningekuwa nimeketi hapo mezani kwako.

Chukua boksi la ile jeli au cheti cha dawa, tafuta jina la aliyeandika. Halafu ingia kwenye rejista ya Baraza Kuu la Madaktari, ile GMC. Iko wazi kwa kila mtu, bure, na kila daktari ana namba ya tarakimu 7. Ukimkuta, utaona kama ana leseni na kama ana masharti yoyote. Usipomkuta, huenda amesajiliwa nchi nyingine ya Ulaya, na hapo GMC haina mkono. Utaandikia baraza la nchi hiyo. Kliniki za mtandaoni zina mchezo huu: ofisi hapa, daktari kule. Usitumie wiki mbili kuandika barua kabla ya kujua hili.

Pili, faili. Na hapa usikasirike: faili si lako. Kwa sheria ya 1969, aliyefikisha miaka 16 hapa Uingereza anaweza kukubali matibabu mwenyewe kama mtu mzima, kwa hiyo siri ni zake pia. Kliniki haitakupa kitu bila sahihi yake, na GMC nao watataka ridhaa yake kabla ya kugusa taarifa za matibabu. Kaa naye. Akiomba faili mwenyewe wanapaswa kumpa ndani ya mwezi mmoja, bila malipo.

Tatu, andika malalamiko kwa kliniki yenyewe kwanza. Tarehe, nini kilifanyika, nini hakikufanyika, basi. Mkaguzi wa malalamiko wa NHS hatakusaidia kwa sababu mlilipa mfukoni. Kliniki yenyewe kama taasisi iko chini ya CQC, wakaguzi wa huduma za afya, na wao hawatatui shauri la mtu mmoja, ila taarifa yako inaingia kwenye mafaili yao ya ukaguzi. Wapelekee.

Ndipo GMC. Wengi wetu tunaenda kule tukitegemea wasichotoa, kwa hiyo nisikilize vizuri. GMC haikulipi fidia. Haimlazimishi daktari akuombe radhi. Haikuelezi kwa nini ilitokea. Wana swali moja tu: huyu daktari, kwa alivyofanya na alivyo leo, anafaa kuendelea kutibu watu? Malalamiko mengi hufungwa mlangoni kwa sababu hayafiki kwenye swali hilo. Kosa la siku moja kwa kawaida halifiki. Kuandika dawa bila kipimo, bila ufuatiliaji, bila kumjulisha GP, bila kuzungumza uzazi, kwa miezi 9, hilo lina uzito zaidi. Na kama ndiyo desturi yake kwa wagonjwa wengine, zaidi bado.

Wakiona kuna jambo, watachunguza, watamwita mtaalamu wa fani hiyo aseme kiwango kilikuwa kipi. Barua yako daktari ataiona, jua hilo. Kisha watu wawili wanapitia faili, mmoja daktari, mmoja raia wa kawaida. Likiwa zito linakwenda kwa jopo la MPTS, baraza linalosikiliza mashauri ya madaktari, lililoanzishwa 2012 ili mwenye kushitaki asiwe ndiye mwenye kuhukumu. Wanaweza kumwekea masharti hadi miaka 3, kumsimamisha hadi miezi 12, au kumfuta kwenye rejista; akifutwa hawezi kuomba kurudi kabla ya miaka 5 kupita. Jambo likiwa la hatari wanaweza kumfunga mikono kwa amri ya muda wakati uchunguzi ukiendelea. Na msikae nalo: lililopita miaka 5 kwa kawaida hawaligusi.

Ukitaka kuona mizani yao inavyopimwa, angalia shauri la Dk. Helen Webberley, aliyeanzisha huduma ya mtandaoni kwa watu wa transjenda. Mashitaka yalikuwa mengi sana, na mengi hayakuthibitishwa. Mwaka 2022 jopo likamsimamisha miezi 2, na sehemu kubwa ya msingi wake ilikuwa kwamba hakuzungumza na mgonjwa mmoja mdogo kuhusu uzazi kabla ya dawa za kuzuia balehe. Machi 2023 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu ile. Mume wake, Dk. Michael Webberley, jopo lilimfuta mwaka huohuo wa 2022. Nyumba moja, fani moja, matokeo mawili. Jopo halikuulizwa kama vijana hawa wapo au hawapo. Liliulizwa nani alipima nini, aliandika nini kwenye faili, aliuliza nini kabla ya kutoa dawa.

Fidia ni njia nyingine kabisa, ya wakili wa uzembe wa matibabu. Muda ni miaka 3, ila kwa mtoto saa inaanza kuhesabu akifika 18, kwa hiyo anao hadi afikishe 21.

Nimechoka, miguu imevimba. Kesho nitajibu mengine.

Kutoka: Kaka Mkalimani
Jumanne usiku

Nyongeza ndogo kwa Mama Watatu, ya kazi yangu.

Mwaka juzi nilimsaidia mzazi mmoja kutafsiri barua ya namna hii. Kwa Kiswahili ilikuwa barua safi kabisa: "alimwona daktari, akampa dawa, hakupimwa." Yeye, yeye, yeye; lugha yetu haiulizi. Kuingia kwenye Kiingereza, mzazi akasema weka "she", ukurasa wa pili akasema hapana, weka "he", kijana asije akaudhika. Nikaenda kwenye kiambatisho cha GP, huko nako kuna jina la zamani. Kliniki ikajibu kwamba haielewi malalamiko yanahusu mgonjwa yupi kati ya hao wawili. Miezi 2 ikapotea hapo.

Kwa hiyo mwulize mwenyewe anataka aitwe nini, andika hivyo mwanzo hadi mwisho, na juu kabisa weka mstari mmoja kwamba kumbukumbu za awali zina jina lingine, na namba ya NHS. Sina maoni ya dini wala siasa hapa, ni usafi wa karatasi tu.

Jambo la pili: msimfanye kijana awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Kwa GP una haki ya mkalimani bure, uliza mapokezi.

Kutoka: Mjomba Karani
Jumatano

Nimesoma. Nesi, nimekusikia, ingawa shaka yangu iko palepale: kijana wa miaka 16 anajua nini kuhusu kutaka au kutotaka watoto?

Kutoka: Dada Nesi
Jumatano

Mjomba, ndiyo maana daktari anatakiwa kukaa naye na kuuliza, na kuandika jibu. Hilo swali lako ndilo halikuulizwa.

Kutoka: Baba Pacha
Jumatano jioni

Nimekuwa nasoma kimya. Niongeze upande wa pili ili tusidhani huduma mbovu ni kutoa dawa tu.

Mtoto wa dada yangu, naye ni hivyohivyo, alivunjika mkono kwenye mpira. Tulikaa dharura kwa saa 6. Daktari alipokuja akaona jina kwenye skrini na sura iliyo mbele yake, akaanza: umeanza lini, mama yako anasemaje, unavaa nini ndani. Mkono uko vile, umepinda kama kona ya barabara, na yeye yuko kwenye mavazi. Dawa ya maumivu ilikuja baada ya nesi mwingine kuuliza kwa ukali. Tuliandika malalamiko hospitalini ndani ya ule muda wa miezi 12 wa NHS. Hawakumpeleka popote, ila alikiri kwa maandishi, na aliomba radhi. Kijana aliisoma barua ile mara moja akaiweka kwenye droo ya soksi. Mwongozo wa GMC unaotumika tangu Januari 2024 unamtaka daktari amtendee mgonjwa kwa heshima na bila ubaguzi, kwa hiyo hata hilo lina mahali pa kupelekwa.

Kutoka: Mama Watatu
Jumamosi, wiki tano baadaye

Asanteni nyote. Mjomba, asante na wewe kwa kunipigia simu, ile ya Jumapili sitaisahau.

Nilikaa naye. Alikuwa na sharti moja kabla ya kusaini: barua isiseme popote kwamba anataka dawa iondolewe, wala kwamba alidanganywa. "Mama, nilijua ninachoomba. Sikujua wanachotakiwa kunifanyia." Nikaiandika sentensi hiyo kama ilivyo, ndiyo iko mwanzo wa barua.

Daktari yupo kwenye rejista, namba tumeipata. Faili lilikuja kwa barua pepe siku ya 26, kurasa 14. Nilidhani nitakuta uongo mkubwa. Nimekuta fomu aliyoijaza mwenyewe akiweka alama kwenye visanduku, na chini yake mstari mmoja wa daktari: "Vipimo vya damu vitafuata." Baada ya hapo ni risiti, kila mwezi, mpaka ukurasa wa mwisho. Sehemu ya uzazi kuna kisanduku, kimewekwa alama, hakuna neno lolote pembeni. Yeye anasema hakumbuki kukigusa, na mimi sitaliandika hilo kama siwezi kulithibitisha.

Malalamiko kwa kliniki yameondoka Alhamisi. Ya GMC tunayajaza wikiendi hii, anachapa yeye, mimi nasoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Kaka Mkalimani, tumeandika "he" toka juu hadi chini, na mstari wa jina la zamani uko pale ulipoelekeza. Ukipata nafasi tupitie mara moja kabla ya Jumatatu. Na kuna mwenye skana? Simu yangu inakata pembe za majibu ya damu, na tarehe iko kwenye pembe.