Usiku wa taa Mikindani: matamasha ya sanaa ya leo na sikukuu za mwanga zina undugu wa kiroho?

Mkaa_Ghubani aliuliza:

Habari za jioni wanajukwaa, na wazee wetu shikamooni. Kikundi cha sanaa hapa Mikindani, Mtwara, kinaandaa usiku mmoja wa ngoma, midimu (wachezaji wa vinyago wa Kimakonde) na mashairi, pamoja na taa za udongo zipatazo 300 kando ya ghuba. Ubishi umezuka. Wengine wanasema taa ni pambo tu, za umeme zinatosha. Wengine wanasema moto una heshima yake, ndiyo maana Wahindu wana Diwali, Wathai wana Loy Krathong ya kuachia taa majini, na hata Wamarekani wanakwenda jangwani kuchoma sanamu la mbao.

Naomba msaada kwa mawili. Kuna undugu wa kiroho kati ya mikusanyiko ya sanaa ya leo na sikukuu hizo za kale, au vinafanana kwa macho tu? Na tukiamua kuwasha mafuta, tufanyeje zisizimike wala zisilete balaa? Wapo pia wanaotaka tuachie taa zielee majini.

Bibi_wa_Shangani alijibu:

Marahaba mwanangu. Undugu upo, ila utafute kwenye kile mtu anachokiacha pale taa inapowashwa.

Tazama Diwali. Kabla ya utambi wa kwanza kushika moto, nyumba imeshafagiliwa hadi uvunguni, na Wahindu wa Kigujarati wanafunga daftari za hesabu za mwaka na kubariki mpya. Taa ni muhuri wa kazi hiyo. Wajapani nao, sikukuu yao ya Obon ikiisha, huachia taa za karatasi mtoni zisindikize roho za wazee waliokuja kuwatembelea. Huko Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume hutandikana kwa migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe, kisha kibanda cha makuti huchomwa. Asili ya siku ile ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na kwao mpaka leo watu huruka moto usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka, wakiuambia uchukue umanjano wao wa ugonjwa na uwape wekundu wake.

Sasa hao wa jangwani. Burning Man ilianza mwaka 1986 ufukweni San Francisco, Larry Harvey na Jerry James walipochoma mtu wa mbao wa urefu wa kama mita mbili na nusu. Mwaka 1990 ikahamia jangwa la Black Rock, Nevada. Hawakumtaja Mungu wala mzimu, na sanamu lile hawakulipa maana. Kila mtu alipe yake. Lakini mwaka 2000 David Best na wenzake walikuwa wanajenga kazi ya mbao, na rafiki yao alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki. Watu wakaanza kuandika majina ya marehemu wao kwenye mbao zile. Tangu hapo kila mwaka hekalu hujengwa, kuta hujaa barua, picha na nguo za waliokufa, na Jumapili usiku linachomwa. Jumamosi sanamu linaungua kwa fataki na vifijo. Jumapili maelfu wanakaa chini kimya. Kimya kile mimi nakiita tambiko, hata kama wenyewe hawana neno hilo.

Tofauti ni mbili, na zinawahusu. Sikukuu ya kale ina kalenda isiyosikiliza mtu: Diwali ni usiku wa giza, mwezi usipoonekana, katika mwezi wa Kihindu wa Kartik, haisogezwi Jumamosi ili wageni wapate nafasi. Pili, ina wenyewe. Mwaka Kogwa una wazee wa Makunduchi wa kuulizwa. Tamasha la tiketi lina mwandaaji tu. Kwa hiyo nendeni kwa wenye mji kwanza, chagueni siku kwa mwezi, na mseme wazi kila taa ni ya nani: marehemu, deni la shukrani, au ugomvi unaomalizwa.

La mwisho. Loy Krathong ni shukrani na kuomba radhi kwa mungu wa kike wa maji. Mji wetu una Waislamu wengi, na maulidi yana ubani na mkesha wake. Chukueni ufundi wa Wathai, dua yao muwaachie. Na nyimbo za unyago msizipandishe jukwaani. Mwali aliziimbiwa ndani, zibaki ndani.

FundiUtambi alijibu:

Nakuunga mkono bibi. Mimi niingie kwenye mafuta.

Kitaa cha upana wa sentimita 6 kinabeba mililita 15 hadi 20, kijiko kimoja cha chakula na kidogo juu yake. Kwa taa 300 nunueni lita 6 na akiba ya lita 2. Udongo usiopakwa rangi unakunywa mafuta kama mchanga, kwa hiyo lowekeni vitaa kwenye maji mchana kwa muda wa saa tatu au nne, vifuteni, vikauke juu tu, ndipo mtie mafuta. Wanaoruka hatua hii huona taa inakufa baada ya nusu saa wakilaumu utambi.

Utambi ni pamba iliyosokotwa, unene wa njiti ya kiberiti mara mbili, urefu wa sentimita 7. Uzamisheni wote kwenye mafuta kwanza, kisha mtoe ncha ya nusu sentimita tu mdomoni mwa kitaa. Ncha ikizidi inatoa moshi na masizi, ikipungua inazama. Jaribuni vitaa vitano siku moja kabla na mhesabu dakika, maana pamba hazifanani.

Mafuta ya nazi yana harufu nzuri lakini yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na usiku wa Julai hapa linashuka. Utaona duara jeupe linajifunga kuzunguka utambi, mwali unakuwa mdogo kama punje ya mtama, kisha unazima huku kitaa kimejaa. Tumieni ya ufuta. Hayagandi kwa baridi yetu, Lindi ndiyo kwao, na Wahindi wa kusini wanawashia Diwali hayo hayo. Mafuta ya taa kwenye kitaa cha wazi msiguse kabisa. Kibatari kina kifuniko kwa sababu.

Kusi likivuma, kitaa cha wazi ufukweni hakidumu. Tieni mchanga wa sentimita 4 ndani ya mfuko wa kaki, kitaa kikae katikati mbali na karatasi. Au chimbieni kifuu kikubwa mchangani, kitaa ndani. Kama tarehe bado haijawekwa, subirini demani, msimu ambao upepo umelegea.

NahodhaPwani alijibu:

Kuhusu taa za kuelea: mwezi mpevu na mwezi mwandamo vyote vina bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, na pwani hii maji hujaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa mnamo saa nne usiku. Kwa hiyo mkiachia saa moja na nusu, maji yanatoka na yatazichukua. Mkiachia siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yanaweza kuwa yanaingia wakati huo, na taa zote zitarudi miguuni mwenu na kupandana. Angalieni jedwali la maji la siku yenyewe.

Lakini zikienda, zinakwenda wapi? Wathai wenyewe walitumia povu la plastiki, wakaishia kuziopoa mtoni kwa maelfu. Kateni gogo la mgomba vipande vya unene wa sentimita 5, jani la mgomba juu, na mfunge kwa vijiti vya mwanzi badala ya misumari au pini. Kila vipande 20 vifungwe kwenye kamba moja ya katani, ncha moja ishikwe na mtumbwi. Mkimaliza mnavuta. Bamvua likipwa, hapo mbele ni tope tupu, basi mtumbwi uwe nje kwenye kina tayari kabla ya saa mbili.

Na msihamishie shughuli Msimbati kwa sababu mchanga ni mzuri. Kule ni hifadhi ya bahari, na vitoto vya kasa vikianguliwa hufuata mwanga. Taa 300 nchi kavu zinavigeuza visiende baharini.

Mkaa_Ghubani aliandika:

Ahsanteni sana wakubwa. Wamo wanaotaka tuchome kibanda cha makuti mwishoni, na turushe taa za karatasi angani kama za Chiang Mai, Thailand. Na midimu tuimulikeje?

Bibi_wa_Shangani alijibu:

Za angani hapana. Ikitua juu ya paa la makuti au kwenye mikorosho mwezi wa kumi, mtakuwa mmemchoma mtu chakula cha mwaka.

Kibanda kinawezekana kama kuna kitu ndani yake. Wapeni watu vipande vya karatasi tangu jioni, waandike wanachokiacha, wavichomeke kwenye makuti. Kibanda kisizidi urefu wa mtu, kiwe mita 30 kutoka kwa watazamaji, upepo ukitokea mgongoni mwao, na mapipa mawili ya maji na mchanga karibu. Ngoma zinyamaze kinapowashwa. Ngozi zitakuwa zimelegea kwa unyevu wa bahari, basi ziotesheni moto wa majani makavu mbali kidogo, zikaze, zirudi kulia majivu yakishalala.

Midimu imulikeni kwa mbali, moto wa kuni pembeni. Mchezaji amefunikwa mwili mzima ili asijulikane, na taa ya umeme ya karibu inaonyesha macho yake tunduni na mshono shingoni. Hata simu za kupiga picha zisiwashe mwanga. Tangazeni hilo mapema, kabla ya ngoma ya kwanza, na vijana wawili wasimame mbele kulisimamia.