Mrejesho: umri wa postikadi ya Shwedagon

Wakuu, niliuliza namna ya kukadiria umri wa postikadi ya pagoda (hekalu la Kibudha) ya Shwedagon, Rangoon (sasa Yangon, Myanmar), isiyo na muhuri wa posta wenye tarehe. Jibu lilikuwa mgongoni: kuna mstari unaotenganisha ujumbe na anwani. Uingereza ndiyo iliyoanza kuruhusu hivyo, mwaka 1902, kwa hiyo kadi haitangulii hapo. Picha yenyewe yaweza kuwa ya zamani zaidi, maana wachapishaji walirudia picha zilezile miaka mingi.

Kwa lenzi ya kukuza mara 10 vinaonekana vitone vya rangi: ni chapa ya mashine, siyo picha iliyosafishwa kwenye karatasi ya fotografia.

Mfuko wa plastiki ya PVC uliohifadhi kadi nimeutupa. Hutoa tindikali na kunata kwenye wino. Tumieni mifuko ya plastiki aina ya poliesta.