Safari ya porini: vijana waachiwe uongozi kwa kiasi gani?

Mlezi wa Kikundi

Salaam kwenu wote. Nalea kikundi cha vijana wenye umri wa miaka 14 hadi 17 ambao wamekwisha kujifunza kusimamisha hema, kuwasha jiko la kambi, kutumia dira na kufunga vifundo vya lazima. Sasa tunaandaa safari ya siku nne kwa miguu, mbali na barabara. Ujuzi wanao, ila uongozi bado: tukifika njia panda, aliyeshika ramani huinua macho na kunitazama usoni kabla hajaitazama ramani yenyewe, na nikitupa jicho kushoto, kundi zima linaelekea kushoto. Wazazi nao wanataka wahakikishiwe kwamba kila jambo litaamuliwa na mtu mzima. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni maamuzi gani mnawaachia vijana, yapi hamwaachii kamwe, na wazazi nitawaelewesha vipi bila kuonekana kwamba nawatelekeza watoto wao.

Mtembea Nyuma

Ndugu Mlezi, anza na huo uso wako. Kijana anayekutazama njia panda si mvivu. Amekwisha kujua kwamba jibu liko kwako, kwa hiyo liondoe mbele yake. Tembea wa mwisho katika msafara, na wanaposimama, geukia mlikotoka au inama ukaze kamba za viatu mpaka waamue. Wakikuuliza, waulize nawe ni kitu gani wanachokiona mbele yao ambacho kinapaswa kuwemo kwenye ramani. Hapo watalazimika kuigeuza ramani ielekee kaskazini, wautafute mto au mgongo wa kilima, na kubishana wao kwa wao; ubishi huo, hata ukichukua nusu saa, ndilo somo lenyewe.

Ama kuhusu mipaka, mimi hupima kila uamuzi kwa gharama ya kuukosea. Ikiwa kosa litawagharimu saa moja ya ziada, usingizi au sufuria iliyoungua, uamuzi ni wao: mwendo, mapumziko, zamu za kupika, mahali pa kulaza hema, hata njia ya kufuata ndani ya eneo mlilokubaliana. Lakini kuvuka mto uliojaa, radi inapokaribia, mteremko ambao mtu akiteleza hasimami, mgonjwa ambaye hali yake inabadilika, na uamuzi wa kumtoa mtu porini, hayo yote neno la mwisho ni la mtu mzima. Vijana waambiwe hivyo kabla ya safari, wala si wakiwa tayari wameingiza miguu majini. Hata katika hayo, waulize kwanza wanaonaje, kwa maana kijana asiyewahi kuulizwa kuhusu mto hatajua kuusoma siku ambayo hupo.

Wazazi wanaodhani huu ni mtindo wa juzi waelezwe kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, katika kambi yake ya majaribio ya mwaka 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, aliwagawa wavulana katika vikosi vinne, kila kimoja kikiongozwa na kijana mwenzao. Paul Petzoldt naye alipoanzisha NOLS, shule ya kufundisha uongozi porini, huko Wyoming, Marekani, mwaka 1965, alisukumwa na upungufu wa wakufunzi wenye ujuzi wa kuongoza watu porini, akaona hakuna mahali pa kuwaandaa ila huko huko porini.

Muuguzi wa Kambi

Nakubaliana na msemaji aliyetangulia, ila naongeza sharti moja: uongozi wa siku uanze usiku uliotangulia. Kijana atakayeongoza kesho aje na mpango ulioandikwa, unaoonyesha saa ya kuondoka, vituo vya maji, mahali pa kugeuzia njia endapo mambo yataharibika, na saa ambayo ikifika mnarudi au mnapiga kambi hata kama hamjafika. Kwa kukadiria muda, kanuni aliyoiweka Mskoti William Naismith mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 10 yenye mita 600 za kupanda ni saa tatu bila mapumziko, na kwa vijana waliobeba mizigo ya siku nne ni zaidi ya hapo. Mtu mzima ausome mpango huo, aulize maswali, na asiuandike upya kwa mkono wake.

Jambo la pili ni baridi, ambayo vijana huichukulia kuwa ni suala la uvumilivu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, akili huanza kuharibika mapema, na mwenyewe huwa wa mwisho kulitambua. Wafundisheni kutazamana: yule aliyekuwa mzungumzaji na sasa yuko kimya, anayejikwaa penye njia tambarare, anayevuta zipu ya koti mara tatu isifungike. Kiongozi wa siku akimwona mwenzake katika hali hiyo, asimamishe msafara papo hapo bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Avuliwe nguo zilizolowa, avalishwe kavu, akalishwe juu ya kitu kinachomtenga na ardhi, na apewe kinywaji cha moto chenye sukari maadamu yu macho na anameza vizuri. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, hiyo ni dalili mbaya, na hapo mtu mzima anashika hatamu.

Radi haina mjadala: mkisikia ngurumo, teremkeni kutoka kwenye vilele na migongo ya milima, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na msiendelee na safari mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mwalimu wa Ramani

Mimi napingana kidogo na utaratibu wa kubadilisha kiongozi kila siku, ambao wengi huuchukua kwa sababu unaonekana wa haki. Siku moja haitoshi. Asubuhi inapita kijana akiwa na hofu, mchana anaanza kuzoea, na jioni anavuliwa cheo kabla hajapata nafasi ya kurekebisha aliyoyaona. Katika safari ya siku nne, ningeweka viongozi wawili wawili kwa siku mbili mbili, mmoja akishika njia na mwingine akishika watu, yaani nani amechoka, nani hajanywa maji, nani anabeba zaidi ya uwezo wake. Kazi hii ya pili haina heshima machoni pa vijana, lakini nimeona mara nyingi kwamba ndiyo inayoamua kama kundi litafika likiwa kundi.

Pia wafundisheni kufuata. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na kikundi cha vijana wenye ujuzi unaolingana kina manahodha wengi kuliko mabaharia. Mfuasi mzuri husema anachokiona mapema, husema mara moja na kwa uwazi, kisha akiamuliwa vingine hubeba mzigo wake bila kununa. Jioni wakalishe dakika 20, kiongozi aanze yeye kueleza alichokiamua na sababu yake, kisha wenzake, na walezi wawe wa mwisho na maneno machache. Mlezi akianza, kikao kimekwisha.

Mlezi wa Kikundi

Nawashukuru sana. Linabaki swali moja linalonikosesha raha: wakikosea njia nami naona, nikae kimya mpaka lini?

Mtembea Nyuma

Kabla ya kuondoka, zungushieni eneo la kila siku mipaka inayoonekana kwa macho: mto upande huu, barabara ya zamani upande ule, mgongo wa mlima mbele. Ndani ya mipaka hiyo nyamaza, mradi wewe mwenyewe unajua mlipo kila dakika, mna maji, na mna mwanga wa kutosha kurudi. Ikivukwa, au ikifika ile saa ya kugeuza aliyoitaja Muuguzi, sema. Usiwaonyeshe njia, waambie tu kwamba mmetoka nje ya eneo, na uwaombe wakuonyeshe kwenye ramani ni wapi walipokuwa na uhakika mara ya mwisho, kisha warudi hapo. Wazazi nao wapewe ramani ile ile yenye mipaka iliyochorwa, pamoja na orodha ya mambo ambayo kijana hataamua peke yake.

Mlezi wa Kikundi

Orodha hiyo nitaiandika wiki hii na kuiweka hapa kabla ya kikao cha wazazi, ili mnikosoe. Wazo la viongozi wawili wawili nimelikubali.