Hoki ya barafuni: nani alizeeka vizuri, Howe, Jagr au Ovechkin?

Guide_Machame: Wakuu, salaam kutoka Moshi. Juzi nilipandisha Wakanada wawili Kilimanjaro, wakabishana hoki tangu getini hadi kambi ya Barafu (jina lenyewe limekaa). Nawaletea ubishi wao: nyota gani alitisha zaidi uzeeni? Miaka ya kuvaa jezi tu siihesabu, nataka alichofanya. Mimi nipo na Gordie Howe. Msimu wa 1979–80 akiwa timu ya Hartford, Marekani, alicheza mechi zote 80, akafunga magoli 15, na kabla msimu haujaisha akatimiza miaka 52. Wanawe Mark na Marty walikuwa timu hiyohiyo!

Chalii_wa_Ngarenaro: Howe shikamoo yake naitoa, ila mzee wangu ni Jagr. 2015–16 pale Florida alipiga magoli 27, pointi 66 (magoli na pasi za magoli kwa pamoja), akaongoza timu nzima kwa pointi. Februari alikuwa katimiza 44. Na huyu alishaondoka NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, miaka mitatu akacheze Urusi, watu wakajua ndo basi.

Guide_Machame: Chalii, unapima wa 44 na wa 52? Pima rika kwa rika. Msimu wa 1968–69, akiwa na miaka 40, Howe alipata pointi 103. Ujana wake wote NHL hakuwahi kugusa 100 kwa msimu.

Mama_Kiusa: Wanangu, Ovechkin mnamruka? Tarehe 6 Aprili 2025 alifunga goli lake la 895 NHL, akampita Gretzky aliyekuwa anashika rekodi ya magoli. Msimu ule alivunjika mguu, bado akamaliza na magoli 44 kwa mechi 65, ana miaka 39. Gretzky msimu wake wa mwisho, miaka 38, alifunga 9.

Chalii_wa_Ngarenaro: Shikamoo mama. Ovechkin anajua kujipunguzia kazi: anajiweka kwenye duara la kushoto lililochorwa barafuni karibu na goli, anasubiri pasi, anafyatua. Jagr naye mbio zilishamwisha, akawa anakinga kile kisahani wanachochezea badala ya mpira kwa makalio, beki anahangaika nyuma.

Guide_Machame: Kama wapagazi wetu wazee. Vijana wanawapita asubuhi, jioni wanawakuta kambini hema lishasimama.

Mama_Kiusa: Marahaba mwanangu. Basi kwa miaka mnipe Howe, kwa magoli Ovechkin.

Chalii_wa_Ngarenaro: Na Jagr? Kapita 50 alikuwa bado anaingia barafuni na timu ya kwao Kladno, Czech.

Guide_Machame: Kladno si ilikuwa klabu yake mwenyewe? Kocha gani angemweka benchi bosi wake 😂