Ukoo wa Bi Zainabu, Mikindani

*Alhamisi*

[06:41] Mama Mkubwa Somoe: Asalaam aleikum wana ukoo. Hitma ya mama ni Jumapili ijayo, si Jumapili ya kufikirika. Mkononi nina 185,000. Bado mchele, mafuta, sukari, na mbuzi wawili. Aliyelipa anajijua, asiyelipa namjua mimi.

[06:43] Mama Mkubwa Somoe: Fadhili uliahidi mbuzi wote wawili. Mwenye mbuzi wa Mangamba kanipigia mara mbili tangu jana.

[06:50] Mama Mkubwa Somoe: Tupo 34 humu. Tiki za bluu naziona.

[09:20] Nasra: 🤲

[09:21] Mama Mkubwa Somoe: Nasra mikono hiyo hailiwi.

[12:58] Fadhili: Mama mkubwa shikamoo. Mnisamehe, mbuzi sitaweza. Kazi imeisha tangu Jumanne. Sikutaka kulisema humu.

[12:59] Mama Mkubwa Somoe: Marahaba. Imeisha vipi? Si wale wazungu wa programu walikuongeza mkataba juzi tu?

[13:04] Mjomba Issa: Redandansi hiyo, kupunguzwa kazi. Karibu chamani mwanangu, kadi yako nakuandalia.

[13:04] Dulla: Mjomba mwenyekiti wa tawi 😂😂

[13:15] Fadhili: Tuliitwa kikao cha kwenye kamera saa nne usiku, tuko sitini na kitu. Vipaza sauti wamevizima wao wenyewe, huwezi hata kukohoa. Mama mmoja akasoma karatasi, dakika saba hazikufika. Narudi nichukue namba za wenzangu, paswedi inakataa. Miaka minne, nimefungiwa nje huku nimekaa kitandani kwangu.

[13:16] Mama Mkubwa Somoe: Pole sana mwanangu. Sasa mbuzi tufanyeje?

[13:18] Dulla: Ndiyo maana nakwambiaga kaka, bodaboda haina paswedi. Juzi nimepeleka abiria Msimbati, mvua yote ya mgongoni, lakini hela mkononi.

[13:19] Dulla: Pikipiki imekwama mchangani lakini hiyo ni habari nyingine

[13:31] Fadhili: Si mimi peke yangu. Meta, wenye Facebook, walitoa watu 11,000 Novemba 2022, wakarudia 10,000 Machi iliyofuata. Google 12,000 Januari 2023. Wakati wa korona waliajiri kama ghala la korosho mwezi wa kumi. Riba ilipopanda Marekani wakaanza kuhesabu vichwa. Sasa hela inakwenda kwenye mitambo ya akili mnemba, na kampuni ndogo kama yetu zinafuata mkumbo.

[13:33] Mama Mkubwa Somoe: Hao 12,000 wa Google hakuna hata mmoja atakayeleta mchele Jumapili.

[13:34] Dulla: 😂😂😂 labda wakija tuwape jiko

[14:10] Dada Mwajuma: Nipo kazini, naandika haraka. Fadhili usisaini chochote. Sheria ya Ajira ya 2004 inataka wakupe notisi, waseme sababu, wakae na wafanyakazi kabla ya kupunguza. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, mwisho miaka 10. CMA, tume ya usuluhishi wa kazi, una siku 30 tu za kulalamika, usizilale. Na NSSF uliza fao la kukosa ajira.

[14:22] Fadhili: Dada, karatasi yangu inasema mimi ni mtoa huduma, si mwajiriwa. Nalipwa kupitia wakala wa huko huko. NSSF sijawahi kukatwa hata mia.

[14:23] Dada Mwajuma: Miaka minne Fadhili???

[14:23] Fadhili: Hela ilikuwa nzuri

[14:40] Mjomba Issa: Ngoja na mimi niseme. Wakati wa gesi nilikuwa dereva wa folklifti, Mtwara hii chumba kilikuwa hakipatikani. Nikakopa, nikajenga vyumba sita. 2014 bei ya mafuta ya dunia ikaanguka, mwaka uliofuata tukapangwa mstari, asanteni, kwaherini. Vyumba mpaka leo wanalala popo, bure. Sikumsumbua mtu. Lakini mikorosho yangu 30 ya Nanguruwe niliiweka rehani huyu asome hiyo kompyuta. Ikachukuliwa. Nilidhani ikifika zamu yake nitaona kivuli.

[14:41] Mama Mkubwa Somoe: Issa hayo tulishayazika.

[14:42] Mjomba Issa: Mliyazika nyinyi. Korosho ilipopita 4,000 kilo mwaka 2024 mimi nilikuwa naangalia mnada kwenye simu kama mpira.

[14:47] Dulla: Bao lilikuwa la ngapi mjomba

[14:47] Mama Mkubwa Somoe: Dulla kaa kimya.

[15:30] Nasra: Samahani wakubwa. Mjomba alipunguzwa, kaka Fadhili kapunguzwa. Sisi tunaomaliza mwaka huu tunasoma kilekile alichosoma kaka, ila zile kazi ndogondogo za kuanzia, za kupima programu na kurekebisha makosa, sasa wanaiachia akili mnemba. Nimetuma maombi 41. Wawili ndio walijibu, mmoja alikuwa tapeli. Sisi hatujapunguzwa maana hatujaingia.

[15:32] Mama Mkubwa Somoe: Nasra wewe soma. Mambo ya mbuzi tunaongea sisi.

[15:35] Mama Mkubwa Somoe: Jamani nirudie. Mbuzi. Wawili. Nani?

[17:52] Rama: Nipo na babu Bakari hapa barazani. Nimemsomea yote. Kasema niandike anavyosema, nisipunguze neno.

[18:03] Rama: "Mimi Bakari nilikaa kwenye ubao wa simu miaka 19. Mtu wa Masasi akitaka Dar anapita mkononi kwangu, nachomeka waya huu, nachomoa ule, namwambia ongea. Ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe, tukaambiwa mikono yetu basi. Lakini mkuu alitoka nyuma ya meza yake akanishika mkono. Barua ina muhuri. Nikatembea nayo wazi mpaka nyumbani. Jioni ile sahani tatu zilikuja kutoka kwa majirani, moja ina pweza. Huyu kijana kakaa siku mbili na msiba wake peke yake, kwa kuogopa mbuzi.

[18:05] Rama: Issa. Bati lililo juu ya kichwa chako ni kiinua mgongo changu. Nimewahi kulitaja? Mikorosho isitajwe tena humu."

[18:06] Rama: Ameingia ndani kuswali.

[19:48] Mjomba Issa: _Ujumbe huu umefutwa_

[20:02] Mjomba Issa: Nimesikia mjomba.

[20:09] Mjomba Issa: Fadhili, chumba cha mwisho kina umeme, na mtandao unashika ukikaa dirishani. Kodi ya Dar achana nayo. Popo nitawahamisha.

[20:10] Dulla: Wape notisi ya siku 28 mjomba, sheria ipo, muulize dada Mwajuma 😂

[20:11] Dada Mwajuma: 😂😂 kama walikuwa wanalipwa kwa mwezi

[20:30] Fadhili: Ahsante mjomba. Nitafikiria. Kuna mtu kaniahidi kitu Dar, nasubiri jibu Jumatatu.

[20:31] Mama Mkubwa Somoe: Jumatatu ni baada ya hitma.

[20:33] Mama Mkubwa Somoe: Basi iwe mbuzi mmoja na kuku. Mwajuma kuku wangapi?

[20:50] Dada Mwajuma: Mshahara ukitoka mama mkubwa

[20:51] Mama Mkubwa Somoe: Unatoka lini?

[21:15] Mama Mkubwa Somoe: Mwajuma?

[23:52] Hassan Dar: Nipo safarini sijasoma yote. Nimetuma 20,000. Fadhili ukienda Mikindani nibebee ile chaja yangu

[23:53] Mama Mkubwa Somoe: Hassan haijafika. Umetuma namba ipi?